Fundi wa Ndege ya Vernon

Kwa miaka ishirini na saba Marlys Tollefson alipakua chakula katika jiko la shule ya msingi ya Norberg, huku kwetu Wisconsin, na katika miaka yote hiyo karatasi zenye jina lake zilikuwa mbili tu: cheti cha ndoa na leseni ya gari. Mumewe Vernon alikuwa na ukuta mzima. Kulikuwa na cheti cha muuzaji bora wa matrekta, cheti cha kuvua samaki mkubwa kuliko wenzake, cheti cha kutoa damu, na hata kile cha kushiriki, ambacho hupewa kila aliyefika. Alikuwa mtu wa watu, sitamnyima sifa hiyo. Akiingia mahali, mahali panachangamka. Kazi ndiyo hakuwa akipatana nayo.

Alipostaafu alinunua ndege. Nisieleweke vibaya, hakununua ndege nzima. Alinunua masanduku manne yenye mabati ya alumini, mbavu za mabawa, mifuko ya ribiti, vile vijimisumari vya kuunganishia mabati, na michoro mirefu kama shuka. Watu wa kwetu ndivyo walivyo. Mmoja akistaafu hununua mashua ya kuvulia ziwani, mwingine hujenga ndege ndani ya gereji yake, na gari lake linalala nje kwenye theluji miaka kumi. Sheria inamruhusu, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe, aweke daftari na picha, na mkaguzi akija aridhike kwamba mikono iliyojenga ndiyo hiyo anayoiona. Mkaguzi akiridhika, ndege inapata ruhusa ya kuruka, na mjenzi anapata cheti cha ufundi wa ndege ile, aikague mwenyewe kila mwaka bila kumwita mtu. Cheti hicho hupewa mtu mmoja tu. Mjenge watatu, mjenge kumi, fundi ni mmoja.

Klabu yetu ya wajenzi ina mafunzo ya siku mbili kwa wanaoanza, kule kwenye banda la kiwanja cha ndege. Mwalimu alikuwa Clete Wachowiak, fundi mashine mstaafu, mtu mkavu, mwenye vidole tisa na nusu. Vernon aliandikisha nafasi mbili.

"Njoo mama, utanishikia taa," alimwambia mkewe.

Siku ya kwanza kila mtu alipewa vipande vya bati atengeneze kisanduku. Mpaka saa sita mchana Vernon alikuwa amewasimulia watu wanane habari za samaki wake na kunywa vikombe vitano vya kahawa. Marlys alikuwa ametoboa matundu arobaini. Clete akasimama nyuma yake, akainama, akapitisha ukucha juu ya tundu moja.

"Shemeji, hili umelitoboa wewe?"

"Kwani baya?"

"Lingekuwa baya ungenisikia. Lakini lisugue makali. Tundu likiachwa na vinyweleo, ufa unaanzia hapohapo, na wewe uko juu angani unapiga mluzi."

Alimfundisha mambo mengi siku zile mbili, ila mawili ndiyo yaliyomkaa. La kwanza ni kwamba ribiti ikipinda usiionee huruma ukaigonga tena, maana utaharibu na bati. Itoboe kwa drili, itoe, weka nyingine. La pili lilihusu nyundo ya hewa, ile inayogonga ribiti kwa nguvu ya hewa inayosukumwa na kompresa.

"Usimpe mtu nyundo ikiwa bado imeungwa na mpira wake wa hewa," Clete alisema, akainua kile kidole nusu. "Chomoa kwanza, ndipo umpe. Hata kama ni mumeo. Hasa kama ni mumeo."

Marlys alicheka mpaka akatokwa na machozi. Jumapili jioni alirudi nyumbani na kisanduku ambacho maji yangekaa ndani yake. Cha Vernon kilikuwa bado ni vipande, ndani ya mfuko wa karatasi.

Gerejini mambo yakaenda hivyohivyo. Kupiga ribiti kunataka mikono ya watu wawili: mmoja anagonga kwa nyundo upande wa nje, mwingine anakinga kwa kipande kizito cha chuma upande wa ndani, ili ule mguu wa ribiti ubondeke vizuri. Vernon alikinga siku moja. Akiwa katikati ya hadithi chuma kikamteleza, na bati la mkia likapata bonde linaloweza kulaza yai.

"Bati lenyewe laini mno hili!" alisema, akaenda ndani kuangalia mpira kwenye televisheni.

Marlys akaagiza bati jingine. Akajifunza kugonga kwa mkono wa kulia na kukinga kwa wa kushoto, peke yake, amekumbatia bawa. Pale ambapo mkono wake haukufika, Clete alikuja Alhamisi kumkingia, malipo yake sahani ya biskuti za tangawizi. Mwaka wa kwanza ukaisha na mkia ukakamilika, umenyooka, ribiti zake zimejipanga kama punje za hindi gunzini.

Majira ya baridi ya pili Vernon alichoka na ndege ambayo hakuwa ameigusa. Alisema atauza masanduku yaliyobaki kwa mtu wa Minnesota. Marlys alikuwa ameshika tupa mkononi, Clete ameketi juu ya kopo la rangi.

"Usiuze," Marlys alisema. "Nitaimaliza mimi."

"Wewe?"

"Kwani huo mkia kajenga nani, mbilikimo?"

Vernon akatazama mkia, akamtazama Clete, na Clete akatazama dari. Ndipo Vernon akacheka, akamshika mkewe bega, akasema maneno ambayo Marlys aliyahifadhi miaka saba kama mtu anavyohifadhi mbegu. "Haya basi. Maliza, na cheti kitakuwa chako. Nafasi ni moja, na ni yako."

"Clete, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji. Masikio bado yapo yote mawili."

Kuanzia siku ile Marlys alikuwa na jambo la kungojea. Hakutaka kuruka; juu humtia kizunguzungu hata akipanda ngazi ya kubadilisha balbu. Alichotaka ni ile karatasi moja, iseme kwamba kitu hiki kigumu kimejengwa na yeye. Alifanya kazi asubuhi kabla ya kwenda shuleni na Jumamosi kutwa, amevaa makoti mawili kwa kuwa jiko la kuni la gerejini lilikuwa linapasha moto kona yake tu. Kila jambo alilifanyia mazoezi kwenye chakavu kwanza. Kuna kipande cha bati alichokitoboa mara mia mbili kabla ya kuligusa bawa lenyewe.

Picha alipiga yeye. Daftari lilihitaji picha, na Vernon alihitaji picha za kuwaonyesha wenzake klabuni kwenye chapati za Jumamosi, tunakoruka au kuendesha gari kwenda kula na kudanganyana.

"Hebu lete hiyo nyundo nipige pozi," alikuwa akisema, akivuta tumbo ndani.

Marlys alimpa, akachukua kamera, akapiga. Kisha alichukua nyundo yake na kuendelea. Alikuwa akimcheka tu. Mke akimwona mumewe anajivuna kwa nyundo asiyojua kuitumia, atafanya nini? Atamchekea. Klabuni sote tuliiita ndege ya Vern, na kuna wakati mmoja wetu alimwambia, "Shemeji, unamvumiliaje huyu bwana na gereji yake?" Akatabasamu, akakatia watu keki. Alikuwa na siku yake anayoingojea.

Mwaka wa sita Clete alifariki. Moyo ulisimama akiwa anapiga koleo kwenye theluji, kama wanaume wengi wa huku. Kanisani, kabla ya jeneza kufungwa, Marlys alimtilia ribiti moja katika mfuko wa koti. Waliokuwa wamesikia ile ahadi sasa walibaki wawili, yeye na aliyeiahidi.

Mwaka wa tisa ndege ikasimama kwa magurudumu yake. Mwezi wa Aprili, wiki moja kabla ya mkaguzi kuja, posta ilileta bahasha ndogo nzito. Marlys aliifungua akidhani ni boliti alizoagiza. Kilikuwa kibati cha chuma kisichoungua, kile ambacho sheria inataka kigongomewe ubavuni mwa ndege ili hata ikiteketea ijulikane ni ya nani. Kimechongwa vizuri. Aina ya ndege, namba, na juu yake: MTENGENEZAJI, VERNON L. TOLLEFSON.

Alikisoma mara tatu. Kisha akakiweka mezani kando ya sahani ya mumewe, akangoja ale.

"Hiki nini, Vern?"

Vernon alikuwa anapaka mkate siagi. "Kibati. Lazima kiwepo, sheria hiyo."

"Najua lazima kiwepo. Nakuuliza jina."

"Jina gani tena? Tollefson. Wewe si Tollefson?"

"Mimi ndiye Vernon L.?"

"Aa, mama, usianze. Fomu ina nafasi ya jina moja tu. Ulitaka niandike pembeni?"

"Ulisema nafasi ni moja na ni yangu. Clete alikuwepo."

"Clete amekufa, Mungu amrehemu."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililomkata Marlys maini. Vernon akaweka kisu chini.

"Sasa fikiria na wewe. Miaka tisa wananiita fundi pale klabuni. Leo niende niwaambie nini? Kwamba nilikuwa nachemsha kahawa?"

"Hata kahawa ulikuwa huchemshi."

Alikwenda gerejini kulitafuta daftari. Lake la mkono, lenye alama za vidole vyenye grisi, hakuliona. Mahali pake palikuwa na jalada jipya la plastiki, kurasa zimepigwa chapa safi, picha zimebandikwa. Vernon alikuwa amelishughulikia tangu Januari maktabani, siku zile alizosema anakwenda kusoma magazeti. Marlys alisoma kurasa mbili. Kila pale alipokuwa ameandika kwamba sisi tumefanya, sasa paliandikwa kwamba mimi nimefanya. Kwa miaka tisa hakuwahi kumwona mumewe akifanya kazi kwa makini kiasi kile.

Aliketi juu ya kopo la rangi, palepale alipokuwa akiketi Clete. Aliumia, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Angesahau, angekosea, angelewa akaandika, Marlys angemsamehe, amemsamehe mengi. Lakini huyu alikaa miezi mitatu akimfuta mstari kwa mstari, na jioni anarudi kula chakula chake na kumuuliza kama kuna mchuzi zaidi. Fadhila ya punda mateke, na punda mwenyewe walilala kitanda kimoja.

Siku moja kabla ya mkaguzi, Vernon alimfuata jikoni na kibati mkononi. Alikuwa na sauti ya kuuza trekta.

"Mama, nipigie ribiti nne tu hizi. Unajua zangu zinavyokwenda."

Marlys alimtazama mpaka yeye akatazama jokofu.

"Fundi si wewe? Piga."

Alipiga. Marlys alikuwa akimenya viazi, akasikia kompresa ikivuta, kisha kishindo. Ribiti inayokwenda sawa sauti yake hubadilika kidogo mwishoni, na hapo ndipo unaachia. Vernon alipita hapo kwa zote nne, akaendelea kugonga kama anayeua nyoka. Marlys akaendelea kumenya viazi.

Mkaguzi, Bwana Ostrander, alifika asubuhi na tochi na kioo kidogo chenye mpini mrefu. Alikuwa mwembamba, haongei. Kwa saa tatu alilala chini ya mabawa, akachungulia kila kitundu, akavuta kila waya. Vernon alimfuata nyuma akieleza mambo ambayo hakuulizwa. Marlys alisimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi, na kila mkaguzi alipokaa kimya mahali, yeye alikumbuka pale alipokosea na kurudia.

"Kazi safi sana hii," Ostrander alisema mwishoni. "Nimekagua ndege nyingi. Hii ni safi sana."

"Ee, tunajitahidi," Vernon alisema.

Kisha mkaguzi akafika kwenye kibati. Akapitisha kidole juu ya zile ribiti nne, zimelala upande kama meno ya mzee. Akageuka, akatazama ubavu mzima wa ndege, safu baada ya safu, hakuna hata moja iliyopinda. Akarudi tena kwenye kibati. Aliomba daftari.

Waliketi kwenye meza ya jikoni. Marlys alimimina kahawa. Ostrander alikuwa akifungua kurasa polepole.

"Hapa unapiga ribiti za bawa la kulia?"

"Ndiyo, bwana. Februari hiyo, baridi ya kufa mtu."

"Kwa nyundo hii?"

"Hiyohiyo."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

"Mpira wa hewa uko wapi?"

Vernon akainamia picha. Akacheka kile kicheko chake cha dukani. "Nadhani umefichwa na mkono." Mkaguzi akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Picha arobaini na moja, Vernon ameshika nyundo, amekunja uso wa kazi, na kitako cha nyundo ni kitupu katika zote. Katika baadhi mpira wenyewe ulionekana, umeviringishwa vizuri sakafuni.

Marlys naye alikuwa akiziona hivyo kwa mara ya kwanza. Alizipiga yeye, ila hakuwahi kuzitazama kwa jicho hilo.

Vernon alimgeukia. Uso ulikuwa umemwiva. "Marlys, mwambie bwana. Mwambie kajenga nani."

Kumnyima jina hakukumtosha. Sasa alitaka mkewe alitoe kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mgeni, kwa jicho lilelile analoombea mchuzi. Marlys aliweka birika chini.

"Mpira nilikuwa nauchomoa mimi," alimwambia mkaguzi. "Kila nikimpa nyundo apigwe picha. Nilikuwa naogopa asije akajiumiza."

Ostrander alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na ribiti za kibati?"

"Hizo zake."

Mkaguzi alilifunga jalada. Akachukua ile fomu ya Vernon, akaikunja katikati, akamrudishia. Kisha akatoa nyingine tupu, akaiweka mezani, kati ya mume na mke.

"Ndege sina shaka nayo," alisema. "Karatasi ndizo nina shaka nazo. Kibati kibadilishwe, na aliyejenga ndiye ajaze fomu. Nitarudi mkiwa tayari. Asante kwa kahawa, mama."

Gari lake lilipotoka, Vernon alisimama dirishani, mgongo umempinda.

"Miaka tisa, Marlys! Miaka tisa unanipiga picha na nyundo iliyokufa, usiniambie! Umeniaibisha mbele ya mtu wa serikali. Mke gani anamfanyia mumewe hivi?"

Marlys alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemlowa kwelikweli. Vernon aliona yeye ndiye aliyesalitiwa. Basi Marlys akajua kwamba ile radhi aliyokuwa akiingojea kwa wiki nzima haiji leo wala kesho.

Alikwenda gerejini, akawasha kompresa, akaunga drili kwenye mpira. Ribiti iliyopinda haigongwi tena. Alizitoboa moja baada ya nyingine, polepole, asikwaruze bati, na ya nne ilipotoka kibati kikamwangukia kiganjani.

Vernon alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ilikuwa imelegea.

"Basi tuagize kingine, mama. Tuandike majina mawili. Vernon na Marlys. Hiyo si nzuri?"

"Nafasi ni moja, Vern."

Alimpa kibati chake, akakitundike ukutani pamoja na vile vingine. Kisha akachomoa mpira kwenye drili, akaweka drili mahali pake, akaingia ndani kutafuta kalamu.